Miaka Yangu ya Kuwasemea Wajapani

Mwezi uliopita nilipeleka maiki yangu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaipima kwa kiganja, akasema haina uzito wa kumfanya atoe mzani, akanirudishia. Kwa hiyo ipo hapa mezani ninapoandika, na banda langu la video nimelikodisha kwa mama mmoja anayelea vifaranga. Juzi nilipita kumsalimia. Vifaranga wamejaa kuliko wateja wangu wa sikukuu, na hakuna hata mmoja anayeuliza inaanza saa ngapi.

Ninyi vijana mnaokata vichekesho vya kigeni kwenye simu na kuvitia sauti ya Kiswahili mmeniomba niwaeleze tulivyofanya kazi hii kabla yenu. Nitawaeleza, ila msitafute humu habari za vyeo. Kazi yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, kukaa karibu na spika. Katika wilaya ya Ngara walinijua kwa jina la Mjapani. Nilizaliwa Biharamulo kwenye familia ya wakulima, ndege naijua tumbo tu ikipita juu, na Kijapani sikijui hata salamu. Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka mbele ya kamati, na tutalifikia.

Nilianzia Benaco wakati wa kambi ya wakimbizi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, na wengi wao walikuwa na huzuni ambayo sitaieleza hapa, maana si yangu. Pembeni kidogo ya barabara ya malori palikuwa na banda la turubai la Mzee Kaswahili. Alikuwa Mzinza kutoka kwetu Biharamulo, mwembamba, mwenye sauti nene kama ameazima kwa jirani. Alionyesha sinema za Kihindi na za Kichina, akazima sauti zake na kusema yeye kwa Kiswahili, huku akibadilisha koo: la mwanamke, la askari, la mtoto. Mimi niliajiriwa kuvuta kamba ya jenereta.

Siku yangu ya kwanza kwenye maiki sikuiomba. Mzee alikuwa anakula sato huku anatafsiri, akakwamwa na mwiba katikati ya mapigano. Alinisukumia maiki, akatoka nje akikohoa. Niliona vichwa vyote vimenigeukia, nikaanza kusema mfululizo bila kupumua, kama mtu anayekiri kosa kituoni. Nilisema hata baada ya jambazi mkuu kupigwa risasi na kulala chini. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mzee aliporudi, macho mekundu, aliniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Umemfufua marehemu, na aliyemuua bado amesimama pale. Sasa wataambiana nini?"

Kuanzia hapo alinifundisha. Mdomo wa mtu ukifunguka kule, wako ufunguke huku. Akinyamaza, nyamaza, hata kama umeshika neno tamu kiasi gani. Funika maiki kwa kitambaa cha pamba, maana mate ni adui wa waya. Kunywa maji ya uvuguvugu, usinywe soda, kwa sababu soda hurudi, na ikirudi inapita kwenye spika. Na kila asubuhi zunguka sokoni kabla hujafungua banda, ujue watu wameamka na nini. "Sinema ni ya kwao," alikuwa akisema, "lakini masikio ni ya hapa."

Kambi ilipofungwa, fundi mmoja wa magari ya kubeba maji, Mjapani, alimwachia Mzee sanduku la kanda kwa kumshukuru kwa kumtengenezea redio. Zilikuwa vipindi vya vichekesho vilivyorekodiwa kutoka televisheni ya kwao, nadhani na ndugu yake, maana katikati yake mlikuwa na matangazo ya tambi. Mzee alizitazama dakika kumi, akaniita.

"Hizi hazina bastola wala mapenzi. Ni watu wazima wenye suti wanaangukiwa na mabeseni. Mimi nimezeeka, chukua wewe."

Nilizichukua, nikafungua banda langu kwenye senta moja ya Ngara. Jina la senta naliweka mfukoni, kwa sababu baadhi ya wahusika bado wanasaini barua.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mashine. Kanda za Kijapani zina mfumo wake, na deki za kwetu zilizitapika. Picha ilitoka bila rangi na ilipanda juu bila kukoma, hata mzee mmoja akauliza kama kwao kila siku kuna tetemeko. Ilinibidi niende Keza, kwa fundi mmoja aliyekuwa na deki na televisheni zinazokubali kila mfumo. Nilirudi na deki mgongoni na televisheni mapajani, nyuma ya dereva wa pikipiki, kwenye njia ya miguu, kioo kikitazama pembeni. Watu waliotupisha walijiona humo wakiwa wadogo na weusi, wakatupungia mkono. Wengine walitaka turudie.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kanda ya kwanza niliyoonyesha ilikuwa na wanaume wawili waliosimama mbele ya maiki moja. Mmoja, mnene, alisema maneno mengi kwa uso wa mtu anayejiamini. Wa pili, mrefu, alimsikiliza, akamsikiliza, kisha akachomoa kipepeo kikubwa, kama cha kujipepea, cha karatasi yenye mikunjo na kumpiga nacho kichwani. Paa! Watazamaji wa Kijapani walicheka. Watazamaji wangu hawakucheka. Kumpiga mtu mzima kichwani hadharani ni jambo la kuitishiwa kikao.

"Zima hiyo," alisema mzee mmoja wa mbele. "Anapigwa mbele za watu halafu anainama kushukuru? Huyo ni mtumwa wake?"

Nilikuwa na sekunde tatu. Nikasema kwenye maiki, "Ni watani."

Banda zima likashusha pumzi. Ah, watani! Basi hapo hakuna kesi. Mtani anakutukana kwenye msiba wa baba yako na unampa chai. Mtani akikupiga na wewe ukakasirika, mwenye kosa ni wewe. Yule mzee wa mbele alirudi kukaa, akacheka kwa kuchelewa, kama mtu anayelipia alichokula jana.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa Mjapani. Yule mnene nilimbatiza Festo na yule mrefu Kizito, kwa sababu nilikuwa mbele ya Wakatoliki na sikutaka maswali. Kwenye pembe ya picha kulikuwa na kadirisha, ndani yake uso wa mtu anayetazama mambo yale yale na kucheka au kushangaa. Mpaka leo sijui anawekwa pale kwa kazi gani. Nilimwita Mkaguzi. Festo alisema upuuzi, Kizito alimpiga, Mkaguzi aliandika ripoti. Mabeseni ya bati yalipoanguka kutoka darini bila sababu, nilisema hayo ni majibu ya barua waliyoandika mwaka juzi.

Sikuwahi kutafsiri kanda moja kwa maneno yale yale mara mbili. Ningewezaje? Festo wa Jumanne alizungumzia bei ya kahawa, kwa sababu Jumanne watu walitoka kuuza kahawa. Festo wa Jumamosi alikuwa mkwe anayekuja na kuku mmoja na kuondoka na wawili. Kanda zilikuwa kumi na nne tu, na nilizionyesha miaka na miaka. Watu hawakuzichoka, kwa sababu wale Wajapani walikuwa wanajua kila kitu kilichotokea hata Mbuba, kijiji cha jirani, wiki iliyopita.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bibi Venansia. Ni bibi mzaa mama wa mke wangu, na kwa desturi yetu bibi wa namna hiyo humwita mume wa mjukuu wake mume wake. Mke wangu alimwita mke mwenza. Alikuja kila Jumamosi mchana, akakaa benchi la mbele na kikapu chake, na nikichelewa kuanza alipaza sauti: "Mume wangu, umenioa ili nikae gizani?" Mbele yake sikuwa na heshima, naye hakuwa na haja nayo.

Mteja wangu wa pili kwa umuhimu alikuwa Mtendaji wa Kata. Aliletwa kwetu kutoka mkoa wa mbali sana, peke yake, bila ndugu wala jamaa. Alikaa benchi la nyuma akiwa ameshika daftari. Hakucheka hata siku moja. Watu walipoanguka kwa kucheka, yeye aliandika. Nilidhani anahesabu vichwa kwa ajili ya ushuru, mpaka siku nilipoingia ofisini kwake kuhuisha kibali nikaona karatasi ukutani, imechapwa kwa herufi kubwa: MASHINE IKIKOHOA, MSIMAMIZI NDIYE MGONJWA. Chini yake: Methali ya Kijapani.

Maneno yale yalikuwa yangu. Siku moja jenereta ilianza kukohoa katikati ya kipindi, aliyepaswa kuitazama amelala, nami nikamwekea Kizito kinywani ili yule bwana aamke aongeze mafuta. Mtendaji aliniona ninasoma.

"Niliisema kwenye semina ya watendaji," alisema. "Walisimama wakapiga makofi. Hawa wenzetu wametutangulia kwa sababu wanafikiri."

Nilimjibu kwamba wanafikiri sana. Niliona aibu kidogo, lakini kibali kilikuwa kimeshasainiwa.

Sasa kisa chenyewe. Kijiji chetu kilikuwa kinasubiri bomba la maji. Kila mkutano wa hadhara, mwenyekiti wa kijiji, Deo, alisoma karatasi ile ile: mchakato upo hatua za mwisho, maji yatafika hivi karibuni. Jumamosi moja, watu wametoka kusimama kisimani tangu alfajiri, nilimfanya Festo awe mwenyekiti. Kila alipofungua kinywa, nikasema, "Hivi karibuni." Paa! "Hatua za mwisho." Paa! Banda lilitaka kuvunjika. Bibi Venansia alifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akaniuliza kile kipepeo kimetengenezwa na nini.

Wiki ile ile alitengeneza cha kwake. Alichukua mfuko wa saruji uliokwisha, akatoa karatasi ya ndani, akaikunja mikunjo mipana kama kidole, akafunga mwisho wake kwa ukambaa wa mgomba. Kilikuwa na sauti ya kofi na uzito wa mkate. Akakiweka kwenye kikapu, akaenda nacho kwenye mkutano wa hadhara.

Nilikuwepo. Deo alisoma karatasi yake mpaka "hivi karibuni." Bibi alisimama, akapita katikati ya watu polepole, maana magoti yake yalikuwa na ratiba yake, akamfikia na kumpiga utosini. Paa!

"Mjukuu wangu," alisema, kwa ulimi wake ambao mara nyingine hugeuza l kuwa r, "hivi karibuni ni rini?"

Deo ni mjukuu wa kaka yake, kwa hiyo ni mjukuu wake, na bibi na mjukuu ni watani tangu dunia iumbwe. Angekasirika angechekwa mpaka kaburini. Karatasi ilikuwa bado mkononi, mkutano mzima umeshika tumbo. Kisha akafanya jambo ambalo kiongozi hakuwahi kulifanya mbele yetu. Alikunja karatasi.

"Sijui, bibi. Sijaambiwa. Hii karatasi nilipewa mwaka juzi."

Watu wakaanza kuzungumza kama watu wazima: nani aende kuuliza, aende na nani, aulize nini. Ulikuwa mkutano mfupi kuliko yote niliyowahi kuhudhuria, na wa kwanza nilioondoka nikijua tumekubaliana nini.

Baada ya hapo saruji ilienea. Ndivyo walivyokiita kile kipepeo, na mtu akipigwa walisema amekula saruji. Kwenye kikao cha ushirika, shemeji alimlisha shemeji yake. Kwenye kamati ya ujenzi wa kigango, mweka hazina alilishwa na binamu yake kabla hajamaliza neno "tathmini." Lakini msidhani ilikuwa fujo. Aliyepiga alikuwa mtani, na ambaye hana utani nawe hakuthubutu. Mjenzi aliyemaliza kazi hakuacha tena mifuko nje, ilichukuliwa kabla saruji haijakauka.

Mtendaji hakupigwa, kwa sababu hakuwa mjukuu, shemeji wala binamu wa mtu yeyote. Katika mikutano ambayo yeye alihutubia, watu walikaa na vipepeo vyao mapajani na kumsikiliza mpaka mwisho. Alihutubia saa mbili, saa tatu. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumsimamisha.

Kisha barua ikaja, ina mhuri wa kata mara mbili. Nilitakiwa kufika mbele ya kamati baada ya siku sita, kujibu tuhuma za kueneza uchochezi kwa njia ya vichekesho vya kigeni. Ikithibitika kwamba maneno ni yangu na si ya Wajapani, banda litafungwa na kibali kufutwa. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na hapakuwa na kazi nyingine niliyoijua. Nilimwonyesha mke wangu barua. Aliisoma mara mbili, akasema, "Sasa utajifunza Kijapani kwa siku sita?"

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mtendaji mwenyewe, katekista, na mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri. Walikaa bandani kwangu, kwenye meza waliyokuja nayo, na watu walijaa mpaka mlangoni. Jaribio lilikuwa hivi. Ningetafsiri kanda moja, mwalimu aandike kila neno. Kisha kanda irudishwe mwanzo, nitafsiri tena, katekista aandike. Maneno yakilingana, ninajua Kijapani. Yasipolingana, mimi ni mwongo.

Niliwaambia nimeelewa.

Mara ya kwanza nilikuwa mwangalifu. Festo alimsalimia Kizito, akamuuliza habari za nyumbani, akamkumbusha kupanda maharage kwa mstari. Kizito alimpiga kwa kipepeo na kumwambia, "Asante kwa ushauri." Kilikuwa kipindi kibaya kuliko vyote katika maisha yangu. Nilisikia mtu akipiga miayo, na alikuwa shemeji yangu. Bibi Venansia, benchi la mbele, alinitazama kama mtu aliyeletewa ndizi mbichi.

Mara ya pili nilikwenda vizuri mpaka kwenye maharage. Hapo beseni likaanguka kutoka darini juu ya kichwa cha Festo, jambo ambalo mara ya kwanza nililisemea "Ajali kazini." Sijui ni nini kilinipata. Pengine ni kuona watu wangu wamenuna. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Haya, barua ya maji imejibiwa!" Banda lililipuka. Na nikishaanza kuchekesha, ninyi mnajua, sina breki. Niliendelea mpaka mwisho wa kanda, na katekista akaacha kuandika kwa sababu kalamu ilimtoka.

Taa iliwashwa. Walilinganisha karatasi. Ya mwalimu ilikuwa kurasa tatu za maharage. Ya katekista ilikuwa na salamu, beseni, halafu mstari mmoja mrefu uliokwenda pembeni mpaka kwenye meza. Hata mtoto wa chekechea angejua hukumu.

Mtendaji aliwatoa wenzake nje wakateta. Walirudi, akasimama na jalada langu mkononi, akasoma.

"Kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba mtafsiri anaifahamu lugha ya Kijapani. Tofauti iliyojitokeza kati ya mara ya kwanza na ya pili imesababishwa na Wajapani wenyewe, ambao walibadilisha usemi wao. Kwa hiyo onyo litapelekwa kwao kupitia ngazi husika. Mtafsiri ataendelea na kazi, na atapewa barua ya kumtambua."

Nilielewa papo hapo. Kama mimi sijui Kijapani, basi ile karatasi ya ukutani ni ya nani? Na ile semina, na yale makofi? Alikuwa ananiokoa ili ajiokoe. Banda lilikuwa limebaki wazi, watoto walikuwa wamebaki shuleni, na nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Nilisimama.

"Asante sana, Mheshimiwa," nikasema. "Wajapani ndivyo walivyo."

Bibi Venansia aliinuka. Alichomoa saruji kwenye kikapu. Aliielekea meza ya kamati na magoti yake ya polepole, na watu wakaacha kupumua, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumwona bibi akishtakiwa. Alimfikia Mtendaji. Akampita. Akanipiga mimi, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka mfuko ukapasuka vipande viwili.

"Mume wangu mjinga!" alisema. "Maneno yako unawapa watu wa mbari? Wanakuja kuyachukua?"

"Bibi..."

"Siku ya kwanza nilijua hukijui. Wote tulijua. Mjapani gani anajua kuku wa mkwe wangu? Tulikuja kukusikia wewe. Ego, ndiyo, wewe. Na wewe umejificha nyuma ya Festo miaka yote kama kuku anayetaga kwa jirani."

Niliwatazama watu. Walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, hata shemeji yangu, hata wale waliowahi kuniuliza Tokyo kuna baridi kiasi gani. Jamani, nilitaka kulia. Miaka yote hiyo nilikwenda kulala nikiogopa kwamba nimewadanganya, kumbe katika wilaya nzima aliyeamini ni Serikali peke yake.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya Festo wala ya Kizito, "sijui Kijapani hata neno moja. Maneno yote ni yangu. La maji pia ni langu."

Mtendaji aliliweka jalada mezani. Kisha akaniuliza polepole, kama vile tumebaki wawili.

"Hata ile ya mashine?"

"Hata ile. Niliitunga kwa ajili ya jenereta. Samahani."

Aliketi. Alifungua jalada langu, akalifunga, akalifungua tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na kila mtu alijua ikigusa karatasi banda limekufa. Katekista alianza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mtendaji aliinua macho, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Bibi.

"Mimi mbona hamjawahi kunipiga?"

"Huna mtani hapa," alisema Bibi.

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu. Umekuja, umehutubia, umekwenda kura peke yako. Mtu atakupiga kama nani?"

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ameanza kuandika. Alikuwa anatoa karatasi kwenye jalada, moja moja: barua ya wito, kurasa za maharage, mstari wa katekista, hukumu yenyewe. Alizipanga vizuri, akazikunja pamoja na jalada lake mikunjo mipana kama kidole, akabana mwisho wake kwa ile klipu kubwa ya ofisi. Alikuwa amekaa benchi la nyuma miaka mitatu na daftari, kipimo alikijua. Alizunguka meza, akakiweka mikononi mwa Bibi Venansia, akapiga goti moja chini.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu kidogo, kama anayetafuta anafanana na nani katika watu wake.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, na akampiga.

Jalada la serikali lina sauti kubwa kuliko saruji, nawaambia. Mtendaji alibaki pale chini, mkono utosini, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwetu tukamsikia anavyocheka. Alicheka vibaya, kwa kukwama, kama jenereta ya asubuhi, na hakuna mtu aliyethubutu kuondoka mpaka alipomaliza.